Kuondoa Madoa ya Vumbi Katika Picha za Dijitali

Wakati wa kiangazi, vumbi la Uyole huingia hata katika mkoba uliofungwa zipu, na mpiga picha aliyepanda mlima Loleza ili kulipiga picha jiji la Mbeya kutoka juu hurudi na anga lililojaa vidoa vya kijivu. Kidoa kinachojirudia mahali palepale katika kila picha kwa kawaida hutokana na vumbi lililo juu ya sensa, yaani kipande cha ndani ya kamera kinachonasa mwanga, ilhali lenzi chafu huleta ukungu au doa pana lisilo na ukingo, hasa kamera inapoelekezwa kwenye jua.

Fungua nakala ya picha, kamwe si picha halisi, katika programu ya GIMP, ambayo hupatikana bure. Ikuze hadi asilimia 100, bonyeza H ili kuchagua zana ya kuponya, kisha fanya brashi iwe kubwa kidogo kuliko doa. Shikilia Ctrl na ubofye sehemu safi iliyo jirani, uachie, ndipo ubofye doa lenyewe. Kwa kuwa anga hupauka kadiri linavyokaribia milima, sampuli, yaani hiyo sehemu safi, ichukuliwe kando ya doa, si juu wala chini yake.

Doa likigusa ukingo wa paa la bati, zana hiyo huuchafua mstari. Hapo tumia zana ya kunakili, ambayo huchaguliwa kwa kubonyeza C, ukichukua sampuli kwenye mstari huohuo wa bati. Mimi hukosea mara mbili tatu kabla mistari haijalingana, na Ctrl na Z hunirudisha nilipoanzia.