Jinsi ya Kununua na Kutazama Nyumbani Nakala Iliyokarabatiwa ya Fist of Fury

Fist of Fury, filamu ya kisasi aliyoiongoza Lo Wei na kutoka Hong Kong mwaka 1972, imetazamwa na wakazi wengi wa Dar es Salaam ikiwa imekwisha kuchakaa: ama katika kanda ya VHS iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine, ama katika DVD ya bei nafuu iliyobanwa filamu nyingi ndani ya diski moja mpaka nyuso zikawa vipande vya miraba. Siku hizi zipo nakala zilizokarabatiwa kwa uangalifu mkubwa, na mwongozo huu unamlenga mtu anayetaka kuzinunua na kuzitazama ipasavyo sebuleni kwake. Sehemu ngumu ya kazi imekwisha kufanywa na mafundi wa ukarabati. Linalobaki kwa mtazamaji ni kutoiharibu upya, na kwa bahati mbaya runinga nyingi huiharibu tangu siku zinapotolewa kwenye boksi.

Anza kwa kuhakikisha kwamba unachonunua ndicho unachokitafuta, kwa sababu majina ya filamu za Bruce Lee yalichanganywa vibaya zilipoingia Marekani. Huko The Big Boss iliuzwa kwa jina la Fists of Fury, nayo Fist of Fury yenyewe ikauzwa kwa jina la The Chinese Connection, kwa hiyo herufi moja tu, ile "s" ya Fists, inaweza kukuletea filamu nyingine kabisa. Zaidi ya hapo ipo New Fist of Fury ya mwaka 1976, ambayo mhusika wake mkuu ni Jackie Chan, na ipo Fist of Legend ya mwaka 1994 ya Jet Li, inayosimulia upya kisa kilekile. Unayoitaka wewe ni ile ambayo Bruce Lee ni Chen Zhen, mwanafunzi anayerudi Shanghai na kukuta mwalimu wake, Huo Yuanjia, amefariki dunia, kisha akagundua kwamba aliwekewa sumu. Huo Yuanjia aliishi kweli na alifariki mwaka 1910. Chen Zhen ni wa kubuniwa.

Kabla ya kulipa, fahamu pia neno "iliyokarabatiwa" linapaswa kumaanisha nini, maana wapo wauzaji wanaolibandika juu ya nakala yoyote iliyoongezewa mwanga. Ukarabati wa kweli huanzia kwenye negativi ya asili, yaani ule ukanda uliopita ndani ya kamera, au nakala iliyo karibu nayo kabisa, ambayo hupigwa skani picha moja baada ya nyingine. Filamu huenda kwa picha 24 kila sekunde, hivyo filamu ya dakika 106 ina picha zaidi ya 150,000, na kila mojawapo hukaguliwa mikwaruzo, vumbi, mtikisiko na rangi iliyofifia. Ukitazama matokeo kwa karibu utaona chembechembe ndogo zinazotembea juu ya picha. Hizo si uchafu. Ndizo umbile la filamu yenyewe, na ndani yake ndimo ulimo mwonekano wa ngozi, jasho na nyuzi za nguo. Nakala ambayo chembechembe zake zimefutwa zote huwa na nyuso laini kama za nta, na kwa maoni yangu ni mbaya kuliko nakala yenye mikwaruzo michache. Kuhusu rangi, zipo nakala mpya za filamu za Hong Kong ambazo zimeegemea mno upande wa njano; ukiona ukuta mweupe na shati jeupe vyote vina rangi ya siagi, tatizo limo katika nakala, usihangaike kuigeuza runinga.

Njia mbili zinazofahamika za kuipata ni seti ya Blu-ray (diski yenye picha kali kuliko DVD) ya kampuni ya Criterion iliyotoka Marekani mwaka 2020 na seti ya 4K (yenye picha kali zaidi ya Blu-ray) ya kampuni ya Arrow iliyotoka Uingereza mwaka 2023. Tofauti kati yao si ubora wa picha peke yake, bali ni suala la kanda za dunia, ambalo mnunuzi wa Tanzania hawezi kulipuuza. Diski za kawaida za Blu-ray zimegawanywa katika kanda A, B na C: Marekani na Hong Kong zimo katika kanda A, ilhali Ulaya na Afrika zimo katika kanda B. Diski ya Criterion imefungwa kwa kanda A, kwa hiyo deki ya Blu-ray iliyotengenezwa kwa ajili ya soko letu itaikataa. Diski za 4K, kinyume chake, hazifungwi kwa kanda, ingawa zinahitaji deki ya 4K na hazichezi katika deki ya kawaida. DVD zina mgawanyo wao mwingine, ambao Tanzania imo katika kanda ya 5 na Hong Kong katika kanda ya 3, lakini deki nyingi za DVD zinazouzwa Kariakoo hucheza kanda zote, hivyo suala hilo halisumbui sana.

Ukiamua kuagiza deki kutoka nje au kununua iliyotumika, geuza kwanza nyuma yake usome kiwango cha umeme. Deki iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani au Japani pekee inaweza kuwa ya volti 100 hadi 120, na ukiichomeka katika umeme wetu wa volti 230 itaungua hapohapo. Tafuta iliyoandikwa volti 100 hadi 240. Kwa kuwa umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, ni busara kuiunganisha deki pamoja na runinga kupitia stabilaiza.

Je, ni lazima kununua ya 4K? Kama runinga yako ni ya inchi 43 na unakaa mita tatu kutoka ilipo, sioni sababu ya kuingia gharama hiyo, kwani Blu-ray ya kawaida iliyotokana na ukarabati uleule itakupa karibu kila kitu ambacho macho yako yanaweza kukitambua kwa umbali huo. DVD ndiyo ya kuepuka, hasa ile ya mfumo wa PAL, ambao kwa kawaida huongeza kasi kutoka picha 24 hadi 25 kwa sekunde: dakika 106 zinakuwa takriban 102, mapigano yanaharakishwa na sauti zinapanda kidogo. Bruce Lee hahitaji kuongezewa kasi.

Sasa ifikie runinga. Chukua rimoti, ingia katika mipangilio ya picha, uchague hali ya sinema badala ya ile ya mng'ao mkali iliyokusudiwa kuvutia wateja dukani. Shusha ukali wa picha hadi sifuri au karibu na hapo, uzime kabisa kipunguza-chembe, kisha uzime kilainishi cha mwendo, ambacho kila kampuni imekipa jina lake: LG hukiita TruMotion, Sony hukiita Motionflow, na katika Samsung utakikuta kwa jina la Auto Motion Plus au, katika runinga mpya zaidi, Picture Clarity. Kilainishi hicho hubuni picha ambazo hazikupigwa na kuziingiza katikati ya zile halisi, na teke ambalo lilipaswa kukatika ghafla linateleza kama limepakwa mafuta. Mwisho, hakikisha runinga haikuzi picha. Filamu hii ilipigwa kwa umbo pana, takriban 2.35 kwa 1, kwa hiyo kwenye runinga ya kawaida karibu robo ya kioo itabaki nyeusi juu na chini. Nyumbani atakuwepo mtu atakayelalamika kwamba picha haijajaa, lakini ukiijaza unakata pande zote mbili, na katika tukio la dojo, yaani ukumbi wa Kijapani wa kufundishia mapigano, pale Chen Zhen anapozungukwa na Wajapani, waliomo pembeni ndio wanaofanya tukio litishe.

Sauti inahitaji marekebisho machache. Filamu za Hong Kong za wakati ule zilipigwa bila sauti, kisha waigizaji wa sauti wakaingiza maneno studioni, hivyo midomo isiyolingana na maneno si kosa la ukarabati wala la diski yako. Chagua Kimandarini, lugha ambayo filamu ilitoka nayo mara ya kwanza, pamoja na maandishi ya tafsiri ya Kiingereza, na uchague sauti ya asili ya mono, yaani ya mkondo mmoja. Ikiwa umeunganisha sabufa, punguza besi, kwa sababu ngumi za mwaka 1972 zilirekodiwa zikiwa kavu na kali, na besi nyingi huzigeuza kuwa mtikisiko wa dirisha. Kama wenzako hawasomi Kiingereza kwa haraka, mmoja wenu afanye kazi aliyoifanya Lufufu, yule msimulizi wa filamu kwa Kiswahili, katika filamu zake zilizotafsiriwa, ila asiongee juu ya mapigano.

Jaribio zuri la kujua kama nakala yako ni kamili ni tukio la nunchaku (vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo) ndani ya dojo, kwani kwa miaka mingi Uingereza ilizoea kukata nunchaku katika filamu za Bruce Lee. Iangalie pia picha ya mwisho kabisa: Chen Zhen anaruka kuelekea bunduki, picha inaganda angani na milio inasikika. Aliyezoea kwamba steringi hafi atadhani diski imekwama, lakini ndivyo filamu inavyokwisha.

Baada ya kutazama, irudishe diski katika kasha lake na ulisimamishe wima kabatini, mbali na dirisha linalopigwa na upepo wa bahari, maana unyevu na chumvi vikikaa juu yake huacha madoa. Ikichafuka, ifute kwa kitambaa laini kikavu kutoka katikati kwenda ukingoni, wala usiizungushe.