Kabla hujafungua tairi kubadilisha breki pedi na diski mwenyewe

Spea kwanza. Usifungue kitu kama pedi na diski hazipo mkononi, na dukani nenda na namba ya chesisi, jina la gari halitoshi maana Noah na Noah zinatofautiana. Hapa Mtwara ukikosa saizi yako inabidi iagizwe Dar ipakiwe kwenye basi, na muda wote huo gari lipo juu ya mawe. Nunua za kushoto na kulia, usibadilishe upande mmoja eti ndio unaopiga kelele.

Nati zilegeze tairi likiwa bado chini. Chini ya jeki weka ubao mpana, mchanga wetu huu unameza jeki huku unaangalia. Matairi yanayobaki chini yawekee mawe, na gari likae kwenye stendi za chuma za kubebea gari, kuingia chini kwa kutegemea jeki tu hilo hata sibishani na mtu.

Sisi wa pwani tuna kutu. Diski ya zamani inagandia kwenye habu, kile kitovu tairi linapofungwa, ikishatoka hiyo habu isugue kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, ukiacha magamba ya kutu diski mpya inakaa upande, usukani unatetemeka ukishika breki halafu unaenda kugombana na mwenye duka. Diski mpya inakuja na oili ya kuzuia kutu, ifute yote. Kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, ifunge kwa waya, isining'inie kwa paipu yake ya mpira. Ukirudisha pistoni ya kalipa, ile inayosukuma pedi, ndani angalia kopo la oili ya breki lisifurike, ile oili inababua rangi.

Sasa hii ya mwisho ndio watu wanairuka. Jirani mmoja pale Magomeni alifunga pedi na diski za mbele vizuri kabisa, kazi safi, akakusanya spana, akanawa, akavaa shati, akaingia kwenye gari atoke kinyumenyume. Uwanja wake una mteremko kuelekea barabarani. Gari likaanza kushuka, akakanyaga breki, pedeli ikaenda mpaka kwenye kapeti, akabaki ameikandamiza hapohapo anapiga kelele "breki! breki!" utadhani sisi ndio tunazo, handibreki ipo pembeni yake wala hakuikumbuka. Mkorosho ndio ulimsimamisha. Taa ya nyuma, bampa, na mlango wa nyuma ambao mpaka leo unafungwa kwa kamba.

Na hakuna kilichoharibika kwenye breki zake! Ukishasukuma pistoni ndani ili pedi mpya nene ziingie, panabaki nafasi, kwa hiyo ukikanyaga mara za kwanza oili inafanya kazi ya kusogeza pistoni tu, haibani kitu. Gari likiwa limesimama, pampu pedeli polepole mpaka iwe ngumu, ndipo uguse gia. Ikiendelea kuzama ujue kuna hewa au panavuja, usiendeshe hata kwenda gereji, mwite fundi aje.

Siku za kwanza tembea taratibu, breki shika kwa upole pedi zizoeane na diski, usikimbilie kuteremka mlima wa Newala na magunia ya korosho. Nati zikaze tena baada ya kutembea kidogo. Ukisikia harufu ya kuungua simama uangalie, na ukiwa unatoa gari watoto wasiwe nyuma, kuku pia