Simu imekuwa nyeusi tii lakini inaita: pa kuanzia kabla ya kwenda kwa fundi

Wakuu, salaam. Swali la kioo kuzima linarudi kila mara, na wengi wanabeba simu moja kwa moja kwa fundi. Wa kwanza kumkuta anasema iflashiwe, yaani ifutwe na kuwekewa mfumo upya, na picha za watoto zinaondoka. Kuflashi hakufufui kioo kilichokufa. Kwa hiyo kabla ya lolote, tujue kwanza: simu imekufa, au imekufa kioo tu na yenyewe iko hai nyuma yake?

Hatua ya 1: ipigie. Ikiita au ikitetemeka, betri na bodi vinafanya kazi. Tatizo liko kwenye kioo, au mfumo umeganda, kwa hiyo ruka hadi hatua ya 3. Isipopatikana, endelea na hatua ya 2.

Hatua ya 2: chaji. Mulika ndani ya tundu la chaji kwa tochi. Vumbi na nyuzi za mfukoni hushindiliwa chini kila unapochomeka, mpaka waya haufiki mwisho: unaugusa unacheza, au unachomoka wenyewe. Chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno kikavu, simu ikiwa haijachomekwa. Usitumie sindano wala pini, zinakwangua vijino vya shaba vilivyomo. Kisha chomeka ukutani kwa chaja unayoiamini, uiache nusu saa au zaidi. Betri iliyokauka kabisa inaweza kukaa dakika kadhaa bila kuonesha alama yoyote, kwa hiyo usichomoe mapema.

Ukiona mgongo umevimba au kioo kimeinuka pembeni, ishia hapo. Usichaji, usiiminye. Betri limevimba na linaweza kushika moto.

Hatua ya 3: izime na kuiwasha kwa nguvu. Ikiwa mfumo ndio ulioganda, hapa ndipo simu hupona, na hakuna kinachofutika.

Samsung: shikilia kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwasha, sekunde 10 hadi 20.
iPhone 8 na za baada yake: bonyeza na kuachia cha kuongeza sauti, bonyeza na kuachia cha kupunguza, halafu shikilia cha pembeni mpaka tufaha litokee. Usiachie njiani. iPhone 7 ni kupunguza sauti na kuwasha kwa pamoja. 6s kurudi nyuma ni kitufe cha duara na cha kuwasha.
Tecno, Infinix, itel, Redmi: anza na kitufe cha kuwasha peke yake, sekunde 10 hadi 20. Ikigoma, ongeza cha kupunguza sauti.

Ukijikuta kwenye menyu ya maandishi madogo, chagua "Reboot system now". Palipoandikwa "Wipe data/factory reset" usipaguse, panafuta kila kitu.

Hatua ya 4: tochi. Kama inaita lakini bado nyeusi, ingia chumba chenye giza, umulike kioo kwa upande. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa. Kipimo hiki ni cha vioo vya LCD tu, yaani aina inayomulikwa na taa kwa nyuma. Vya AMOLED havina taa ya nyuma.

Ikiwaka halafu ikazima tena baada ya muda, shuku programu uliyoweka karibuni. Iondoe.

MASWALI

Swali: Mkuu, yangu inakuwa nyeusi nikipiga simu tu, hairudi mpaka mwenzangu akate.
Jibu: Kioo hakina shida, ndugu. Juu karibu na spika ya sikioni kuna kihisi kinachozima kioo ukiweka sikioni. Protekta imekiziba au kimeshika uchafu. Futa, na ikishindikana toa protekta ujaribu.

Swali: Iliingia maji, mama akaizika kwenye mchele. Niichaji?
Jibu: Hapana, dada. Itoe huko, vumbi na vipande vya mchele huingia kwenye matundu, na Apple wenyewe wanakataza njia hiyo. Izime, toa laini, igeuze tundu la chaji chini, uiache penye hewa mpaka ikauke kabisa. Kama ni maji ya bahari, wahi kwa fundi aifungue na kuisafisha, maana chumvi inakula bodi hata simu ikiwa imezimwa.

Swali: Pesa zangu za M-Pesa je?
Jibu: Ziko kwenye akaunti ya laini yako, hazimo ndani ya simu. Toa laini, weka hata kwenye kitochi, piga menyu kama kawaida. Na usimwachie fundi laini wala namba ya siri.

Swali: Nimechomeka kwenye kompyuta nichukue picha, naona folda tupu.
Jibu: Simu ikishawaka upya hufunga mafaili mpaka uingize namba ya siri, na alama ya kidole haitoshi. Ndiyo maana unahitaji kioo kinachofanya kazi, hata cha kuazima. Mwombe fundi achomeke kioo cha majaribio mbele yako, ufungue, uhamishe picha, ndipo mzungumze bei. Mwenye Galaxy S8 au S mpya zaidi anaweza kujaribu adapta ya HDMI kwenye televisheni pamoja na mausi.

Swali: Fundi anasema lazima afute kila kitu. Nikubali?
Jibu: Kama inaita na imekataa kioo tu, kataa, kaka. Kama kweli mfumo umeharibika na picha umeshazihifadhi kwenye Google, kubali, ila kwanza hakikisha unakumbuka barua pepe na nenosiri la Google lililokuwemo. Tangu Android 5.1, simu iliyofutwa kwa vitufe huulizia akaunti ileile ikiwaka.