Kufunga turbo kwenye Land Cruiser ya 1HZ

Injini ya 1HZ, lita 4.2 na silinda 6, hutoka kiwandani bila turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kusukumia injini hewa zaidi. Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kwanza. Injini iliyochoka usiifungie.

Kazi kubwa iko kwenye oili. Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo literemke moja kwa moja hadi sampu (beseni la oili chini ya injini), liingie juu ya usawa wa oili. Likipinda, oili hutuama, hupenya sili na eksozi hutoa moshi wa buluu, halafu turbo isiyo mbovu inalaumiwa bure! Kabla ya kuwasha, mimina oili kwenye tundu la juu la turbo, chomoa waya wa solenoidi ya dizeli (vali ya umeme inayofungulia dizeli) kwenye pampu ili injini isiwake, kisha piga stata mpaka taa ya oili izime.

Eksozi iwe ya inchi 3. Presha ya hewa ya turbo ibaki psi 7 au 8.

Bila kuongeza dizeli, nguvu itapanda kidogo tu. Ongeza skrubu ya dizeli kwenye pampu robo mzunguko au chini, ukitazama geji ya joto la eksozi iliyofungwa kabla ya turbo. Panda mlima mrefu na mzigo: joto likivuka nyuzi 650 za Selsiasi, rudisha skrubu. Moshi mweusi ni dizeli iliyozidi hewa, na ndiyo inayoyeyusha pistoni.