SOMO: Megalopa wa kaa koko hutua wapi? Jaribio la beseni

"Niweke nini chini ya tangi ili megalopa watue?" Limeulizwa humu mpaka basi. (Megalopa ni lava wa kaa katika hatua ya mwisho, kabla hajawa kifaranga, yaani kaa mdogo.) Pimeni wenyewe, ni kazi ya usiku mmoja.

1. Mabeseni madogo ya duara, megalopa mmoja kila beseni. Tayari ana magando, hula wenzake.

2. Maji ya bahari yaliyochujwa, chumvi sehemu 30 kwa elfu, joto nyuzi 28. Hewa usiwashe, mkondo utamsukuma.

3. Tope na mchanga: pitisha kwenye chekeche la nusu milimita, gandisha kwenye friza usiku kucha kuua minyoo. Tandaza sentimita 2, kila kimoja sehemu yake ya beseni, vyote usawa mmoja.

4. Nyasi bahari: suuza, kagua jani kwa jani, pandikiza kwenye mchanga uleule. Beseni jingine weka nyasi bandia za utepe wa plastiki. Akipenda zote, anafuata maficho. Akipenda hai tu, huenda ni harufu.

5. Mwanga. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Megalopa hufuata mwanga. Taa ikiwa upande mmoja, umepima taa. Funika giza totoro. Asubuhi USIFUNUE kwanza: atahama kabla hujamwona. Shusha vizio vyote (kuta za kutenganisha sehemu) kwa mpigo, ndipo ufunue. Badilisha nafasi za sehemu kila rudio, na uwe na mabeseni ya mchanga mtupu. Humo nako wengi wakielekea upande uleule, kosa liko kwenye mpangilio wako.

6. Nyonya kila sehemu kwa mpira wa maji, chekecha kwa chekeche lilelile. Mchanga unapita, kaa anabaki.

MASWALI

– Mkuu, maji ya bomba na chumvi ya mezani?
– Hapana. Hatua ya 2.

– Niliweka 50, wamebaki 31. Chekeche limepoteza?
– Wameliwa. Hatua ya 1 uliiruka.

– Samahani mwalimu, megalopa wangu wametawanyika kotekote, ila vifaranga wamejaa kwenye nyasi. Nimekosea wapi?
– Hujakosea, dada. Utafiti wa Australia wa 2009 ulipata hivyohivyo kwa Scylla serrata (kaa koko): megalopa hawakubagua, vifaranga walichagua nyasi. Kwa hiyo weka maficho tangini kabla megalopa hawajajivua gamba na kuwa vifaranga. Kifaranga mpya ni laini, analiwa upesi. Usinakili matokeo ya kaa wa buluu wa Marekani, megalopa wake hupendelea nyasi.

– Nyavu chakavu zinafaa badala ya nyasi?
– Zinafaa sana. Zisimamishe wima kwa jiwe chini na boya juu. Zenye nyuzi zilizochambuka tupa, miguu hunasa.