Kuijenga Nagasaki juu ya sinia

Mwaka wa kwanza nilipofundisha hapa Chake Chake habari za Nagasaki, mji wa Japani uliopigwa bomu la atomiki, niliandika ubaoni: 9 Agosti 1945, saa 5 na dakika 2 asubuhi. Watoto wakanakili. Kisha mmoja akanyanyua kitabu chenye picha ya hekalu la Sofukuji, la mwaka 1629. "Mwalimu, bomu si liliangamiza mji? Hili limebakije?" Nilishindwa kumjibu. Tangu siku ile, tunaujenga mji kwanza.

Mwalimu mwenzangu, tafuta sinia kubwa la pilau, la sentimita 60 hivi, na udongo wa mfinyanzi. Mchanga ukikauka unaporomoka. Sentimita 1 iwe mita 100, kwa urefu na kwa kimo pia. Usivikuze vilima ili vipendeze, maana somo zima limo ndani ya kimo chake.

Anza na maji. Chimba hori linaloingia kutoka kusini-magharibi, mji ukae kichwani mwake. Watoto wetu hawana haja ya maelezo, hori wanalo hapa hapa. Kichwani ingiza mito miwili: Urakami kutoka kaskazini, Nakashima kutoka kaskazini-mashariki. Magharibi ya hori simamisha mlima Inasa, sentimita 3.3. Kati ya mabonde mawili weka Konpira, sentimita 3.7. Huu ufinyange kwa uangalifu kuliko yote.

Sasa Dejima, kisiwa cha kujazwa kwa mikono kilichokamilika 1636 karibu na mlango wa Nakashima. Kina umbo la kipepeo cha ukindu kilichokunjuliwa, na kwenye sinia hakizidi ukucha. Nami huwaachia watoto wakitazame kwa muda. Wareno, ambao bandari ilifunguliwa kwao 1571, walifungiwa humo, wakafukuzwa 1639. Waholanzi wakaletwa 1641, wakakaa zaidi ya miaka 200, daraja moja tu likiwaunganisha na mji, na walinzi mlangoni. Biashara yote ya Japani na Ulaya ilipita kwenye ukucha huo. Hapo huwaambia pia kwamba Wajapani huita mkate "pan", neno la Wareno wale wale waliotuachia sisi "meza" na "leso". Darasa huchangamka. Siku hizi bahari imejazwa pande zote na Dejima si kisiwa tena, lakini wewe kizungushie maji.

Mwisho funga madirisha. Chukua kiberiti cha gesi chenye kitochi mkiani. Kishike sentimita 5 juu ya bonde la Urakami, sentimita 33 hivi kaskazini ya Dejima, maana bomu lililipukia mita 500 angani. Ndege ilikuwa imekusudia Kokura, mawingu na moshi vikaufunika mji ule, ikageukia huku. Elekeza mwanga kwenye Konpira. Bonde la Urakami litawaka lote. Nyuma ya mlima, bonde la Nakashima litaingia kivulini. Sofukuji liko upande ule.

Usiharakishe kuzima. Waambie Urakami waliishi nani: Wakristo ambao wazee wao waliificha dini yao zaidi ya miaka 200 ilipopigwa marufuku, na kanisa lao kubwa lilikuwa hapo hapo chini ya mwanga. Kufikia mwisho wa mwaka ule walikufa watu 74,000 hivi mjini.

Fungua madirisha. Ndipo mimi huandika tarehe ubaoni.