Kumiksi ngoma ya laivu kwa spika 5.1 (spika tano na sabufa moja)
Wakuu, ukirekodi muheme, ngoma ya Wagogo, kule Chamwino, Dodoma, usirundike kila kitu kwenye spika za mbele. Zeze gawa kushoto na kulia, muimbaji kiongozi mpe spika ya kati, ngoma za akina mama zigusie sabufa kidogo tu maana ukizidisha inabaki mvumo mtupu. Spika za nyuma ni za watu, vigelegele na makofi, na hapa ndo wengi wanaharibu: sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwahiyo maiki ya watu iliyo mita 20 toka jukwaani inachelewa kama milisekunde 58, rekodi yake isogeze mapema kwenye mstari wa muda wa programu mpaka mpigo ukae pamoja na wa jukwaani. Na upepo wa Dodoma mnaujua, maiki hizo za watu kata sauti nzito zilizo chini ya Hz 100.